Kuchagua Mjukuu

Shina la mgomba linalotunzwa vizuri Ihembe huwa na vizazi vitatu: mama aliyebeba mkungu, mtoto anayemfuata, na mjukuu ambaye ndiyo kwanza anatokeza. Wakulima huwaita hivyo, na maafisa ugani pia. Mengine yote yanayochipua huondolewa. Kuyaondoa ni kazi ya panga tu. Kumchagua mjukuu wa kubaki ndiko kwenye ufundi.

Ihembe ni kata ya Karagwe, mkoani Kagera, na uhai wake uko kwenye kibanja: migomba, mibuni na maharage vimechanganyika, nyumba ikiwa katikati. Mkoa huo umetoa wasomi wengi, na miongoni mwao wako waliofundisha biashara vyuoni. Kitivo cha Biashara na Menejimenti cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1979, kwa hiyo walimu wake wa mwanzo sasa ni wazee. Profesa wa namna hiyo akistaafu na kurudi nyumbani kwa mkewe na wajukuu, kibanja humpa kazi inayostahili akili yake. Kazi hiyo naiheshimu kuliko vyeo vyote alivyowahi kushika.

Mzee huchutama kabla ya kukata. Huanza na majani. Chipukizi lenye majani membamba, yaliyochongoka, limetoka chini na limeshikamana na mama yake. Lile linalowahi kutanua majani mapana, hata likipendeza vipi, limeota juujuu na halitabeba mkungu wa maana. Kisha hutazama upande: mjukuu huachwa penye nafasi na mwanga, asije akamsonga jirani wala kuufunika mbuni. Mwisho hutia vidole udongoni kupima kina, maana ukiwa unaacha machipukizi ya juujuu kila mara, shina zima hupanda, mizizi hubaki wazi, na upepo wa kwanza wa mvua huliangusha pamoja na mkungu. Dakika hizo chache za kuchutama hulipa baada ya misimu kadhaa. Na aliyezoea kufunga hesabu kila mwisho wa mwaka, hapa hafungi kitu: mkungu ukikatwa, mtoto anakuwa mama, mjukuu anakuwa mtoto, na nafasi ya mjukuu iko wazi tena.

Kabla ya kiangazi cha Juni nyasi hukatwa mlimani na kutandazwa kibanjani, lakini haziegemezwi kwenye shina, kwa sababu fukusi wa migomba hupenda kujificha hapo. Mgomba uliovunwa nao hupasuliwa vipande, vikakauka upesi, fukusi akose pa kutagia.

Ukali wa mzee huonekana kwenye mnyauko. Ugonjwa huo wa bakteria uligunduliwa Kagera mwaka 2006, na kibanja kilichotunzwa na baba na babu unaweza kukimaliza. Wadudu huubeba kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi jingine, na panga huubeba kutoka shina hadi shina. Kwa hiyo kichane cha mwisho kikishatokeza, ua dume huvunjwa kwa mti wenye panda, bila chuma kugusa. Panga hupitishwa motoni kabla ya kuhamia shina lingine. Mwanawe aliyekuja likizo kutoka mjini, mkwewe, kibarua, wote panga zao hupita motoni. Hapo hakuna mgeni wala mpendwa.

Upande wa kahawa, Kagera ina historia yake: Sir George Kahama aliongoza ushirika wa kahawa wa Bukoba kabla ya kuwa waziri. Leo kahawa ya maganda huuzwa kupitia vyama vya msingi na KDCU, ushirika wa Karagwe na Kyerwa. Adui wa siku nyingi ni butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado maua. Mwenye shida ya ada hupewa fedha leo, na mavuno yote huenda kwa aliyempa. Profesa huyasoma mapatano hayo upesi: ukipokea nusu ya bei miezi mitano kabla ya mavuno, umekopa kwa riba ya asilimia 100, ingawa neno riba halikutajwa na mtu.

Kuwahubiria watoto wake kuhusu jambo hilo hakutoshi, naye anajua. Kwa kuwa mashina yake hayazai kwa mkupuo, Novemba na Desemba huwa ana mikungu ya kukata. Sehemu huliwa, sehemu huuzwa, na fedha ya ile iliyouzwa hukaa kwa mkewe bila kuguswa mpaka shule zifunguliwe Januari. Ada ikishalipwa, mnunuzi wa maua akibisha hodi hupewa chai na kuagwa.