Gome, Moto na Tumbo

Sondu ni mji wa mpakani. Chini ni Nyakach, kaunti ya Kisumu, kwa Wajaluo. Ukishika barabara ya Sigowet ukapanda, umeingia Kericho kwa Wakipsigis. Mto Sondu-Miriu unateremka kutoka misitu ya Mau kuelekea Ziwa Viktoria, na soko limekaa pale pale watu wa juu na wa chini wanapokutana. Ndiyo maana mama anayeuza dawa za miti shamba hapa ana bahati ambayo mwenzake wa Kisumu mjini hana: juu ya gunia lake moja kuna magome mazito ya msituni na mizizi ya vichaka vya ziwani. Wajaluo humwita nyamrerwa, na mara nyingi ndiye mkunga pia. Wakipsigis wana chepkerichot wao. Lugha mbili, lakini mikono ni ile ile, na ni mikono hiyo ninayotaka kuisifu.

Gome kwanza. Likifika bichi, hukwanguliwa ngozi ya nje, ile iliyokufa yenye vumbi na kuvu, maana nguvu imo katika tabaka la ndani lenye unyevu. Humo ndimo mti hupitishia chakula chake, na humo ndimo huficha sumu za kujikinga na wadudu. Kisha hukatwa vipande na kuanikwa kivulini. Juani lingekauka upesi zaidi, lakini mafuta yenye harufu yangeruka na kubaki kuni. Mizizi hukatwakatwa ingali mbichi, kwa sababu ikishakauka panga hugonga na kurudi. Majani hutandazwa, hayarundikwi. Yakirundikwa hupata joto na kuvunda kabla hujageuka. Fundi hulipima gome la zamani kwa kulivunja karibu na pua: likivunjika bila harufu, hulitupa. Wapo wasiotupa. Hao hupenda kusaga kila kitu kuwa unga, na unga hauna uso. Mnunuzi hajui kilichomo. Mimi hununua gome zima.

Kuvuna nako kuna adabu yake. Gome hubanduliwa ubavu mmoja, mti ukaachwa upone. Anayeubandua kuuzunguka wote amekata njia ya chakula kutoka majani kwenda mizizini, na mti hufa wima. Hivyo ndivyo ulivyoumizwa mti wa Prunus africana, ambao Wakipsigis huuita tendwet. Gome lake linatafutwa na viwanda vya Ulaya kwa dawa ya tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES.

Sasa moto, ambako ndiko ufundi huonekana. Kando ya barabara za huku kuna kichaka chenye mashada ya maua ya manjano yaliyosimama wima. Wakipsigis hukiita senetwet. Makaa yake ndiyo husuguliwa ndani ya kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando. Majani yake pia hupewa mtu aliyefunga choo, kwa kipimo kidogo, kwa kuwa yakizidi humtapisha na kumwendesha mpaka akaishiwa nguvu. Ndani yake kuna kemikali za jamii ya anthrakwinoni. Jamii hiyo hiyo imo katika sena inayouzwa kwenye maduka ya dawa, na imo katika daio, mzizi wa mmea wa jenasi ya Rheum ambao madaktari wa Japani wameutumia kwa karne nyingi.

Watu wa Sondu wanaijua Japani kwa umeme, maana kituo cha Sondu-Miriu cha megawati 60 kilijengwa kwa mkopo wake. Tiba yake ya mitishamba haijulikani sana hapa. Inaitwa kampo. Ilitoka China zaidi ya miaka elfu iliyopita, kisha Wajapani wakaifanya yao, na leo fomula 148 za kampo zinalipiwa na bima ya afya ya taifa, huku wanaoziandika wakiwa madaktari wale wale waliosomea udaktari wa kisasa. Kwa sababu ziko hospitalini, zimechunguzwa. Ninazileta hapa kwa sababu uchunguzi huo unaeleza mambo ambayo mama wa sokoni huyafanya bila kuyaeleza.

Tuichukue daio. Kemikali yake ya kulainisha choo, senosidi, imefungwa na sukari. Kwa sababu ya sukari hiyo hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kufyonzwa na bila kufanya lolote. Ikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huikata ile sukari na kukibadilisha kilichobaki, na hapo ndipo inapozaliwa kemikali inayoukaza na kuulegeza utumbo usukume, na kuzuia maji yasifyonzwe kurudi mwilini. Safari yote huchukua saa 6 hadi 12. Basi dawa iliyotoka sufuriani bado haijawa dawa. Bakteria wa mgonjwa ndio wanaoimalizia. Aliyetoka kumeza antibayotiki, ambaye bakteria wake wamekufa kwa wingi, anaweza kuinywa isimfanye kitu, na jirani yake akanywa kiasi kile kile akalala chooni. Nyamrerwa anapouliza umekula nini, choo kikoje na umemeza dawa gani wiki hii, anauliza habari za huyo mpishi wa mwisho asiyeonekana.

Na dawa yenyewe hubadilika jikoni. Daio ikichemshwa muda mrefu, senosidi huvunjika na tanini hubaki. Tanini hushikana na protini za ukuta wa utumbo na kuukausha, kwa hiyo mzizi ule ule uliokuwa wa kufungua choo unaanza kukifunga. Ndiyo sababu mafundi wa zamani huko Asia waliagiza daio iingie chunguni mwisho. Ukisimama nyuma ya kibanda Sondu utaona utaratibu wa namna hiyo: magome ya kuzuia kuhara huchemka mpaka maji yawe mekundu, ilhali majani huoneshwa moto kidogo tu na kufunikwa. Hakuna aliyemwambia mama neno tanini. Anatazama rangi, anaonja kwa ncha ya ulimi, anaipua.

Hata kukausha si kuhifadhi tu. Tangawizi mbichi ina jinjeroli. Ikikaushwa kwa joto, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kuwa shogaoli, iliyo kali zaidi. Wajapani huiweka tangawizi ya aina hiyo katika fomula inayoitwa daikenchuto, pamoja na jinsengi, sukari ya kimea, na maganda ya sansho, mmea wa jenasi ya Zanthoxylum ambao hutia ulimi ganzi. Madaktari wa upasuaji huko huwapa wagonjwa ambao matumbo yao yamelala baada ya kupasuliwa. Ukali huo hugusa neva za ukuta wa utumbo, damu huongezeka pale, na misuli huanza tena kusukuma. Mjafari wetu wa nyikani ni wa jenasi hiyo hiyo ya Zanthoxylum, na vijiti vyake hutafunwa kwa meno yanayouma.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha soget, yaani Warburgia ugandensis, gome jekundu la kahawia ambalo ukitafuna kipande kidogo mdomo mzima unawaka. Watu wa hapa hulitafuna kwa kikohozi, kwa jino na kwa tumbo. Mwaka 1970 Thomas Odhiambo, Mjaluo aliyebobea katika elimu ya wadudu, alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi, ambacho baadaye kilipata tawi kubwa Mbita, ufukweni mwa ziwa hili. Miongoni mwa wakurugenzi wake wa utafiti alikuwa mwanakemia wa Kijapani, Koji Nakanishi. Mwaka 1976 yeye, Isao Kubo na wenzao walitangaza kwamba gome la Warburgia lina kemikali zinazowafanya viwavi jeshi wakatae kula. Moja waliipa jina la mti wenyewe, warburganali. Nyingine, poligodiali, ni ile ile inayoyapa ukali majani ya tade, ambayo Wajapani huyala pamoja na samaki mbichi.

Kubo aliendelea na poligodiali kwa miaka mingi. Kemikali hiyo huishambulia ngozi ya chembe za fangasi, pamoja na ile ya utando mweupe wa mdomoni, mpaka vilivyo ndani vikavuja. Ikachanganywa na anetholi, mafuta yanayoipa anisi harufu yake, ikawa na nguvu kubwa zaidi dhidi ya fangasi, ingawa anetholi peke yake ni dhaifu. Kwangu mimi huo ndio utetezi mzuri kabisa wa mchanganyiko. Mtu wa maabara hupenda kemikali moja, kipimo kimoja, ugonjwa mmoja. Nyamrerwa huchukua gome hili, mzizi ule, na jani la tatu la kupunguza ukali. Si kila mchanganyiko wake una maana. Mingine ni mazoea tu. Ila wazo la kwamba dawa mbili zaweza kufunguliana mlango limethibitishwa.

Kampo hiyo hiyo inafundisha pia kuogopa. Fomula zake nyingi zina urukususu. Bakteria wa tumbo huigeuza kemikali yake tamu kuwa kitu kinachozima kimeng'enya fulani cha figo; mwili hushika chumvi, hupoteza potasiamu, presha hupanda na misuli hulegea. Mwaka 1996 wizara ya afya ya Japani ilitoa onyo la dharura kuhusu fomula ya sho-saiko-to baada ya wagonjwa kupata uvimbe wa mapafu, na baadhi yao kufa. Kama hayo yametokea mahali ambapo dawa hupimwa kwa gramu na kutiwa ndani ya pakiti, hapa tunapopima kwa kiganja na kikombe cha chai hatuna sababu ya kujiamini kupita kiasi. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 imeitambua tiba asili. Kutambuliwa hakumfundishi mtu kipimo.

Kwa hiyo ukinunua gome Sondu, muulize mama ni la mti gani, alilivuna lini, lichemke muda gani na nani asilinywe. Fundi wa kweli atakujibu yote manne bila kukasirika. Mwambie na wewe vidonge unavyomeza, hasa vya presha, vya sukari au ARV, na ukifika kliniki usimfiche daktari kikombe ulichokunywa asubuhi.