Uhakiki wa Istilahi: Kulala, Kuhifadhi na Kuhamisha katika Kompyuta

Istilahi hupimwa kwa kazi inayofanya, wala si kwa uzuri wa sauti yake. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki tafsiri za istilahi mbili za kompyuta ambazo hazitengani: haibanesheni na swopu.

Neno la kwanza lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kupitisha majira ya baridi. Mfasiri anayefuata asili hiyo husema kwamba kompyuta "imelala usingizi wa baridi". Je, usingizi huo anaujua nani kwetu? Baridi ya Julai huko Lushoto huwavisha watu makoti. Haimlazi mnyama miezi mitatu. Aliye karibu zaidi na jambo hili ni konokono, ambaye kiangazi kikizidi huziba mlango wa gamba lake akangoja mvua. Hata hivyo, konokono huyo yu hai, hali kompyuta inayozungumzwa hapa imezimwa kabisa.

Kosa hili lina madhara. Kompyuta ina namna mbili za kupumzika. Katika namna ya kwanza, kazi hubaki katika kumbukumbu ya muda, ambayo huendelea kupata umeme kidogo. Katika namna ya pili, yaliyomo katika kumbukumbu hunakiliwa kwenye diski, kisha mashine huzimwa. Tuchukue mfano wa karani wa Sigi, chini ya Amani, mwenye kompyuta ya mezani. Akiambiwa kwamba namna zote mbili ni "kulala", atachagua yoyote. Akiangukia ile ya kwanza na umeme ukatike usiku, asubuhi atakuta ripoti aliyoiacha wazi imepotea. Lawama hapo ni ya mfasiri.

Swopu nayo imefasiriwa "ubadilishanaji", neno linalotuonyesha watu wawili wakipeana vitu. Kwa hakika, swopu ni mahali ambapo kompyuta huhamishia kurasa za kumbukumbu zisizotumika sana, ili izirudishe zikihitajika. Katika mfumo wa Linux, hapo ndipo aghalabu huwekwa ile nakala ya kumbukumbu kabla ya kuzima. Basi mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na swopu ya gigabaiti 2 yaweza kukataa amri, kwa kuwa nakala haienei. Yaweza pia kuzimika vema, kisha ikawaka bila kazi ya jana, kwa kuwa mfumo haukuelekezwa mahali pa kuisoma nakala. Aidha, iko swopu inayobanwa ndani ya kumbukumbu yenyewe. Hiyo haifai kwa kazi hii, kwani umeme ukiondoka nayo huondoka. Neno "ubadilishanaji" halimsaidii mtu kutambua hata moja kati ya hitilafu hizi.

Twapendekeza "kulala" libaki kwa namna ya kwanza tu, na ya pili iitwe "kuzima kwa kuhifadhi". Hapo Sigi, penye lango la Hifadhi ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1997, neno hifadhi si geni. Swopu iitwe "hamishio", kwa kanuni ile ile iliyotupatia kimbilio na tegemeo. Tukisema "hamishio la diski" na "hamishio la kumbukumbu", msomaji atang'amua mwenyewe ni lipi litakalosalimika umeme ukikatika.

Huenda ikasemwa kwamba maneno matatu mahali pa moja ni mengi. Urefu huo si hasara, maadamu unamwokolea karani kazi yake.