Kufuta Bila Kuficha

Mwalimu asahihishaye daftari kwa wino mwekundu hulikata neno kwa mstari, akaandika lililo sahihi juu yake, na mwanafunzi huyaona yote mawili. Atumiaye kifutio humnyima mwanafunzi nusu ya somo. HTML, yaani lugha ya alama inayojenga kurasa za mtandao, imeshika njia ya wino mwekundu tangu toleo lake la mwaka 1997: "del" ni alama ya maandishi yaliyofutwa, na "ins" ya yaliyoongezwa. Kila moja yaweza kubeba tarehe ya badiliko na anwani ya maelezo yake. Twazisifu alama hizi. Twalaumu zinavyotumiwa ovyo.

Tuchukue mifano ya West Nile. Mwanafunzi wa Arua aandikapo "wilaya kipya" amekosea: "kipya" liwekwe ndani ya "del", na "mpya" ndani ya "ins". Lakini sentensi "Koboko ni kaunti ya wilaya ya Arua" haikuwa kosa. Ilikuwa kweli hadi mwaka 2005, Koboko ilipofanywa wilaya. Hiyo yastahili alama ya tatu, "s", ambayo HTML ya leo imeitengea habari iliyopitwa na wakati. Machoni, "del" na "s" ni mstari uleule. Kimaana haziko pamoja. Kuzichanganya ni kumwita mwongo mzee aliyefundishwa jiografia ya zamani zake.

Mwaka huohuo wa 2005, katiba ya Uganda ya 1995 ilirekebishwa, na ibara ya 6 ikakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Aichapishaye ibara hiyo bila alama yoyote atamfanya msomaji adhani maneno hayo yalikuwamo tangu mwanzo. Yangewekwa ndani ya "ins" pamoja na tarehe yake, mwanafunzi angejua kuwa lugha yetu ilingoja miaka 10 mlangoni.

Kasoro moja ni nzito. Mstari ni wa macho, na programu nyingi zinazowasomea wasioona hazitangazi alama hizi zisipoelekezwa. Mwanafunzi asiyeona wa Koboko atasikia "wilaya kipya mpya", tena atasikia kwamba wilaya yake ingali kaunti ya Arua. Kwa hiyo hapana budi mwandishi aongeze maneno: "limefutwa", au "hadi mwaka 2005". Alama isiyomfikia kila mwanafunzi haijamaliza kazi ya mwalimu.