Bangili ya Moran

Katika vita vikuu viwili vya dunia, askari wengi wa Uingereza na Marekani waliwaachia wapenzi wao pini ya kifuani yenye nembo ya kikosi, au kidani cha kufunguka chenye picha ndogo ya askari ndani. Vingi vilinunuliwa dukani. Umaasaini kipambo hufuata njia nyingine: msichana ndiye anayemshonea moran wake, yaani kijana shujaa wa Kimaasai. Na kwa kuwa kila rika jipya la moran huja na mpangilio wake wa rangi, jicho lililozoea hulitambua rika la kijana kwa shanga zake. Picha ya uso haihitajiki.

Isinya, katika nchi ya Wamaasai wa Kaputiei kando ya barabara ya Namanga, mama na binti yake wamekaa kwenye kivuli cha mgunga. Wanashona bangili pana. Mama anaanza kwa kuchambua. Anamwaga shanga za kioo, zile ndogo za Ucheki, juu ya ngozi kavu, na kuzisukuma kwa kidole kimoja. Iliyo nene mno, nyembamba mno au yenye tundu lililoziba inatengwa. Kazi hii haitaonekana baadaye, lakini ikirukwa mstari wote utakwenda upogo.

Kisha uzi. Anachomoa nyuzi za gunia la plastiki na kuzisokota pajani kwa kiganja, polepole, mpaka mbili zinakuwa moja. Anauvuta kwa nguvu. Ukikatika sasa ni heri kuliko ukatike mkononi mwa mtu anayecheza ngoma.

Ukanda wa ngozi ya ng'ombe umeshakwanguliwa manyoya. Anaukata kwa kisu, kisha anatoboa kingo zake kwa msharasi. Hana rula, na matundu yamepishana sawasawa.

Sindano inadona shanga nane. Zinateremka uzini, zinalala zikiukingama ukanda, sindano inazama ukingo wa pili na kurudi. Nane tena. Nyekundu inafuatwa na kijani, rangi ya chungwa na buluu, na katikati nyeupe au nyeusi inakata. Wauzaji wa vitu vya watalii hupenda kueleza kwamba nyekundu ni damu na buluu ni mbingu. Huenda ni hivyo, ila mama huyu akishika shanga kinachomshughulisha ni rangi itakayokuwa jirani yake.

"Yeyo, hii imekaa?" binti anauliza, akimpa kipande chake.

Mama anapitisha ukucha juu ya mistari. Unateleza, unateleza, unakwama.

"Fumua mpaka hapa."

Mistari mitatu inafumuliwa, shanga zinarudi juu ya ngozi, na binti haguni. Anaanza upya, safari hii akihesabu kwa midomo.

Kinachonishangaza zaidi ni mgongo wa bangili ya mama. Huko hakuna rangi wala atakayepaona, ni ngozi ya mvaaji tu itakayopagusa. Hata hivyo mishono imelala upande mmoja, na fundo la mwisho limefichwa chini ya mshono ili lisimkwaruze.

Ukisimama barabara ya Namanga kununua bangili, igeuze kwanza uitazame mgongoni. Ukikuta mishono imekaa hivyo, lipa bei uliyotajiwa.