Furaha Isiyoikana Shida: Sarufi ya Faraja katika Wimbo "Ni Salama Rohoni Mwangu"

Katika mijadala ya ushairi wa Kiswahili, nyimbo za ibada za Kikristo hutajwa kwa nadra, na zitajwapo huhesabiwa kuwa tafsiri tu zisizozingatia arudhi. Jina la kitabu cha Tenzi za Rohoni, kinachotumiwa na waumini wa madhehebu mbalimbali Afrika Mashariki, huchochea mtazamo huo, kwa kuwa nyimbo zake hazifuati mizani nane wala mpangilio wa vina tunaoufahamu katika Utendi wa Mwana Kupona. Mishororo yake hufuata mahadhi yaliyotoka nje. Hata hivyo, kukosa umbo la utenzi si kukosa ushairi. Makala haya yanachunguza wimbo mmoja wa kitabu hicho, "Ni Salama Rohoni Mwangu", ambao huimbwa sana misibani. Hoja yake ni kwamba furaha inayojengwa na wimbo huu haitokani na kuikana shida, na kwamba ushahidi wa jambo hilo umo katika sarufi ya Kiswahili chake.

Asili ya wimbo ni msiba. Mtunzi wake, Horatio Spafford, alikuwa mwanasheria wa Chicago, Marekani. Novemba 1873 meli ya Ville du Havre ilizama katika Bahari ya Atlantiki, na mabinti zake wanne wakafa maji. Mkewe, Anna, aliokolewa. Inasimuliwa kuwa Spafford alitunga maneno hayo alipokuwa safarini kumfuata mkewe. Philip Bliss aliyatilia muziki.

Katika Kiingereza, ubeti wa kwanza unalinganisha amani na mto na huzuni na mawimbi ya bahari. Mfasiri wa Kiswahili ameacha picha zote mbili. Amani ameifananisha na shwari, neno la wanamaji wa pwani; huzuni ameiita shida, bila tashbihi yoyote. Kuna hasara hapa: bahari iliyowameza watoto haionekani tena. Lakini kuna faida pia. Msikilizaji anayejua maana ya shwari anajua pia kwamba hali hiyo hupita na dhoruba hurudi. Nalo neno shida, kwa kuwa halikufungwa kwenye picha moja, linaweza kubeba njaa, ugonjwa au kifo cha yeyote anayeimba.

Amani na shida zinatawaliwa na kitenzi kimoja, kuona, chenye kirejeshi -po- cha wakati. Katika Kiswahili mtu huona njaa, huona baridi, huona uchungu. Kuona ni kupatwa na jambo na kulihisi. Kwa hiyo wimbo hauipi amani hadhi ya ukweli na kuifanya shida kuwa njozi. Zote mbili humpata mwimbaji, na zote huhisiwa kwa namna ileile.

Tofauti inajitokeza katika njeo na hali. Kiambishi -me- kimetengwa kwa matendo ya Mungu na ya Kristo: kujulisha, kuuona unyonge, kufa. Hata dhambi zinapotajwa, kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa chenye -me- hiyohiyo, na mwimbaji si mtendaji. Kiambishi -ta-, kwa upande mwingine, kinabeba mateso ya Shetani, na pia ujasiri wa mwimbaji: kujipa moyo na kutoogopa. Jambo hili ni muhimu kwa tafsiri yetu. Mwimbaji hadai kuwa amekwisha kuwa jasiri. Ujasiri wake bado ni ahadi. Kilichokamilika ni kile alichotendewa. Furaha ya aina hii haipimwi kwa nguvu za aliyefiwa, na ndiyo maana anaweza kuuimba hata yule ambaye hana nguvu kabisa.

Katikati ya njeo hizo limesimama neno salama, likiunganishwa kwa kitenzi kishirikishi ni, ambacho hakibebi wakati wowote. Neno furaha lenyewe halimo katika beti nne za wimbo. Salama ni neno la maamkizi. Mswahili akiulizwa habari za nyumbani hujibu "salama" kwanza, hata kama ana mgonjwa ndani, na baadaye tu huongeza "ila". Msomaji anaweza kupinga hapa kwamba jibu kama hilo ni adabu tu, na kwamba wimbo unamfundisha mfiwa kuficha machozi kwa heshima ya wageni. Pingamizi hili lina uzito, lakini linajibiwa na neno mwangu. Kiswahili kina ngeli tatu za mahali, na wimbo umechagua ile ya ndani. Hausemi kwamba nyumbani ni salama, wala mwilini, wala baharini. Umeweka mpaka wa dai lake, na nje ya mpaka huo "ila" ya mfiwa inabaki na nafasi yake yote.

Kutokana na uchambuzi huu, matumizi fulani ya wimbo yanakinzana na matini yake. Anayeuanzisha msibani ili kumnyamazisha mama anayelia anaunyang'anya ubeti wake wa kwanza, ambamo shida imetajwa waziwazi kabla ya faraja yoyote kudaiwa. Wimbo unamruhusu alie na aimbe kwa pamoja. Kwa wahakiki, funzo ni kwamba tafsiri ya kidini haistahili kupimwa kwa vina na mizani pekee. Katika wimbo huu, imani ya Kikristo imezungumza kwa njia ya kirejeshi, kiambishi cha hali na kimilikishi cha mahali, yaani kwa mali ya Kiswahili chenyewe, na ikasema jambo ambalo matini ya Kiingereza haikulisema kwa namna hiyo.