Dakika Nane na Ushei

Kuna urefu wa video ambao ukishaugundua huwezi tena kuacha kuuona: 8:04, 8:11, 8:26. Si sadfa. Mwezi Julai 2020 YouTube ilishusha kipimo chake. Awali video ilihitaji kufika dakika 10 ndipo iruhusiwe kukatwa katikati kwa matangazo. Tangu hapo zatosha 8. Chini ya hapo tangazo linakaa mlangoni, kabla ya stori au baada yake. Ukivuka huo mstari, linaingia hadi sebuleni, na linaweza kuingia mara kadhaa.

Mimi naishi kwa kuandika vibarua, na kwa muda fulani niliandikia chaneli moja skripti za stori za mtaani. Niliwapelekea moja ya mzee fundi wa redio. Dakika tano, imekamilika. Ikarudi na agizo moja tu: ivutwe ifike nane na nusu. Hakuna aliyeuliza kama huyo mzee alikuwa na dakika tatu na nusu zaidi ndani yake. (Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliposhinda, kwa hivyo hilo ndilo lilikuwa darasa langu la nadharia ya fasihi.)

Stori huvutwaje? Ukitazama kwa makini, mbinu zenyewe ni chache. Video inaanza na mwisho wake: mtu analia, gari linawaka, halafu anakwambia kabla hatujafika hapo turudi nyuma kidogo. Zinakuja salamu. Linakuja ombi la kubonyeza kengele. Yanakuja yale yale uliyoambiwa mwanzoni, kwa maneno mengine. Karibu dakika ya nne sauti inashuka, mkono unashika kitasa cha mlango, na pap! Sabuni ya kufulia.

Hii tunaijua. Ni yule jamaa wa siku ya soko mwenye sanduku, anayeapa kwamba ndani kuna chatu. Anakifungua kifuniko kidogo, watu wanasogea, anakifunga, kisha anakumbuka kwamba ana dawa ya meno, shilingi 50 tu. Chatu hujawahi kumwona. Lakini yule jamaa, manze, alikuwa fundi. Alisoma nyuso, akamjua mtu wa nyuma aliyeanza kuchoka na kumrudisha kwa utani mmoja. Mwenzake wa mtandaoni anasoma grafu inayomwonyesha ni sekunde gani watu walitoka, na wiki ijayo anaipiga marufuku sekunde kama hiyo. Ndiyo maana chaneli hizi zinazidi kufanana. Kimya kimeondolewa. Mtu kufikiri kabla ya kujibu kumeondolewa.

Video ya kwanza kabisa kuwekwa YouTube, tarehe 23 Aprili 2005, ina sekunde 19. Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi, amesimama mbele ya ndovu anasema wana mikonga mirefu, basi, anamaliza. Si kazi ya sanaa. Lakini aliishiwa na la kusema akanyamaza, na siku hizi hicho ni kipaji adimu. Mwaka uliofuata Google ikainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 1.65, na pesa hizo zilikuwa lazima zirudi.

Sisemi kwamba biashara kuingilia hadithi ni jambo jipya. Zile tamthilia za redio za Marekani miaka ya 1930 ziliitwa za sabuni kwa sababu kampuni za sabuni ndizo zilizozilipia. Na sisi tulitazama Vitimbi kwenye KBC, tangazo likija unaenda kuangalia ugali. Ila tangazo lile lilikuwa letu sote, mwenye nyumba na mpangaji. La sasa linapigiwa mnada peke yako, kabla hata video haijafunguka, na bei inategemea sana mahali ulipokaa. Mtazamaji wa Texas ana thamani kubwa kuliko mtazamaji wa Kayole. Mwenye chaneli anapewa asilimia 55, sawa, lakini asilimia 55 ya nini?

Hapa ndipo mimi huona hasara halisi, na haiko kwenye pesa. Tazama video za Wakenya wanaosafiri nchini, kazi nzuri nyingi, kamera safi, kisha sikiliza wanaongea na nani. Kijana wa Eastlands amesimama Eastlands anaeleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba matatu ni gari la abiria, na kwamba ugali ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji moto. Ananieleza mimi niliyekula jana usiku! Haniongeleshi mimi, bila shaka. Anamwongelesha yule wa Minnesota, awe Mkenya mwenzetu aliyehama au mzungu mwenye hamu, kwa kuwa macho ya huyo ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba. Simlaumu. Ila Kiswahili na Sheng vinasukumwa kwenye vichekesho, kana kwamba hatuwezi kuwaza kwa lugha hizo, tunaweza kuchekesha tu.

Wapo wanaoona video fupi ndizo zitakazotuokoa. Tangu Februari 2023 hizo nazo zinagawiwa pesa za matangazo, asilimia 45, ila pesa zinaingia kwanza kwenye chungu kimoja ndipo zigawanywe. Hapo jamaa wa sanduku hana hata muda wa kutaja chatu. Anapiga mayowe tu.

Na huku kwetu kuna jambo ambalo wanaopanga vipimo hivi sidhani huliwaza: mtazamaji wa bando la saa moja analipia tangazo lenyewe. Linapakuliwa kwa data yake, na saa yake inakwenda. Jirani yangu wa ploti amejitafutia dawa. Akifungua video yoyote anaruka moja kwa moja hadi dakika ya sita. Ananiambia bado hajakosa kitu.