Mkono Unaojua Dakika ya Dhahabu

Katika kila watoto kumi wanaozaliwa, takriban mmoja huhitaji kusaidiwa ili aanze kupumua. Wengi wao huzinduka kwa kukaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Wachache waliobaki lazima wapewe hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijakwisha. Wakunga huiita Dakika ya Dhahabu.

Mtazame mkunga aliyeiva katika kazi hiyo. Kichwa cha mtoto hakiachi kiinamie kifuani wala hakipindi nyuma kupita kiasi. Hukiinua kidevu kidogo tu, njia ya hewa ikafunguka. Kidole gumba na cha shahada vinaibana barakoa usoni, vitatu vilivyobaki vinashika taya. Hewa ikivujia shavuni, kifua hakipandi, naye hangoji kuambiwa: anaiweka upya barakoa, anakirekebisha kichwa, anatazama kama mdomo una ute, anabinya mfuko kwa nguvu zaidi kidogo. Pumzi kama arobaini kwa dakika, macho yakiwa kifuani pa mtoto muda wote.

Mkono wa namna hii haupatikani kwa semina. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ililiona hilo wazi. Mwaka 2010 wahudumu wake walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua. Kwa mwanasesere wa mazoezi wakafanya vizuri. Wodini hali ikabaki ileile. Kuanzia 2011 wakaleta mazoezi ya dakika tatu hadi tano, kila wiki, humohumo katika wodi ya wazazi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kwangu mimi, sifa kubwa ni ya muuguzi anayewafundisha wenzake. Anamjaza mwanasesere maji ya uvuguvugu ili awe na uzito wa kichanga, kisha anamwita mwenzake aliye zamu. Mkononi ameficha kipira: akikibinya, kitovu kinadunda, akiacha, kimya. Kilio hakitoi bure. Anasubiri mpaka kifua kipande sawasawa, ndipo mtoto alie. Na zoezi likiisha haanzi kukosoa. Anauliza, "Haya sista, umeonaje?" Mara nyingi mwenzake hulitaja kosa mwenyewe, na kosa alilolitaja mwenyewe halirudii upesi. Ualimu huo unadai subira, maana anayefundishwa huenda ni mkubwa wake kwa umri na cheo.

Baadaye mazoezi ya aina hii yalifika katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, yakiwemo ya kudhibiti utokaji wa damu kwa mama aliyejifungua.

Mganga mfawidhi unayesoma haya, kama mwanasesere wako amefungiwa stoo, mtoe leo. Mweke wodini, karibu na meza ya kuhudumia vichanga, na umpe muuguzi mmoja muda wa kuyasimamia mazoezi kila wiki.